Dari ya Chumba cha Wanza

Watu wa Matuu, hii nitaisema wazi, na atakayekasirika akasirike. Nilikuwepo.

Nyumba ya Titus ilikuwa na amani. Mama yake, Wanza, aliyepooza miguu, alilala chumba cha mbele akisikiliza redio na kutaniana na kila aliyepita dirishani. Kisha juu ya kitanda chake dari ikapata doa la kahawia, pana kama ungo, likaanza kushuka kama tumbo.

Titus akamwita Muthoka. Kwa nini Muthoka? Kwa sababu wanaimba kwaya moja. Basi! Muthoka hakupanda darini. Alisimama kwenye stuli, akabandika kipande cha bodi, akapaka rangi.

“Ni mvua tu, ndugu yangu.”

Mvua gani? Mwezi huo Yatta nzima tulikuwa tukibeba maji ya ng'ombe kwa punda! Nami nilikuwa pale, kikombe cha chai mkononi, nikanyamaza.

“Titus, huko juu kuna watu wanaimba,” Wanza akasema.

“Ni uzee, mwaitu, mama yangu. Lala.”

Doa lilirudi mara tatu. Mara tatu Muthoka akalipaka rangi. Mimi sisahau: ndivyo tulivyompa mwimbaji mwingine kazi ya choo cha nasari, kikatitia kabla mtoto wa kwanza hajaingia.

Mwishowe Wanza mwenyewe akaagiza aitwe Kaluki, fundi wa Kithyoko. Vijana wakacheka.

“Susu, bibi yetu, mwanamke apande paa?”

“Apande. Nyinyi wanaume mmepanda nini zaidi ya stuli?”

Kaluki hakutoa hata nyundo. Aliweka kiganja kwenye dari, akatulia. Uso ukambadilika.

“Iko na joto kama mgonjwa wa malaria,” akanong'ona. “Toeni mama. Sasa hivi.”

“Si unywe chai kwanza, fundi…” Titus akaanza.

“Chai baadaye! Shika miguu.”

Tulikuwa tumemfikisha sebuleni tu, dari ikaanguka. Kaluki akabamiza mlango. Tukazunguka nje, tukachungulia kwenye kioo.

Mungu wangu. Masega marefu kuliko mtu, mengine meupe kama mshumaa, mengine meusi kwa miaka, yakining'inia boriti hadi boriti. Asali ikitiririka polepole juu ya mto ambapo Wanza alikuwa amelaza kichwa. Na nyuki, sijui ni maelfu mangapi, wakivuma kwa sauti moja hadi kioo kikatetemeka chini ya vidole vyetu. Wazee waliofuga nyuki maisha yao yote walivua kofia.

Titus alikaa chini kwenye vumbi, akalia.

FUNZO

Fundi huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa ukoo wala kwaya. Anayepaka doa rangi bila kupanda kuona linakotoka hajatengeneza, ameficha kifo. Na mgonjwa akisema anasikia kitu, nenda ukaangalie.

Muthoka anaimba vizuri sana, mwacheni aimbe. Lakini nasikia kamati inataka kumpa paa la zahanati. Jumapili nitasimama nipinge. Safari hii sitanyamaza, nanyi msiniache nisimame peke yangu.