Pengo Mbele ya Kidonge

Marehemu alikutwa kitanda namba sita, wodi ya wanaume, mkono mmoja ukining'inia. Daktari aliyechunguza maiti hakuzungusha maneno: dawa ya moyo ilizidi, mara mbili ya kipimo, siku tano mfululizo.

Inspekta naye hakuzungusha. Nani aligawa dawa? Muuguzi. Akamtia pingu palepale, wagonjwa wakikodoa macho, akamsweka mahabusu.

Siku ya tatu mjane akaja kituoni na bahasha mbili za dawa.

"Afande, mwanangu, mimi si msomi," alisema. "Lakini hizi hazifanani."

Ya zamani, iliyochapwa kabla hospitali haijabadilisha kompyuta, ilisema: ½ kidonge, asubuhi. Ya wiki iliyopita, iliyotoka wodini: kidonge, asubuhi.

Inspekta alizichukua bahasha zote mbili. Akaenda moja kwa moja chumba cha kompyuta. Fundi, ambaye hospitali nzima ilimwita Profesa, alikuwa anakunywa chai.

"Programu ya dawa nani aliihamishia kwenye mashine mpya?"

"Mimi. Kazi safi, siku mbili tu."

"Alama ya nusu iko wapi?"

Kikombe kikagonga sahani. "Nusu gani?"

"Usinichezee, Profesa."

Fundi alijifuta jasho. "Kila mashine ina jedwali lake, afande. Namba hii ni herufi hii, ile ni ile. La zamani na jipya hayaelewani. Herufi za kawaida zilivuka salama. Alama kama hiyo ya nusu zikageuka madudu, viboksi na vijimkia. Tiba yake ni kuiambia mashine mpya faili limetoka kwenye jedwali gani."

"Mbona hukuiambia?"

"Sikulijua."

"Si ungeuliza!"

"Nimuulize nani? Mimi ndiye Profesa! Mganga mkuu kanisimamia mgongoni, ananiuliza, 'Huu uchafu wa nini?' Nikaandika amri moja: usichokijua, futa. Skrini ikatakata. Akanipa mkono wa pongezi."

"Nakala ya zamani?"

"Ipo. Sikuigusa tena."

"Na muuguzi alipokamatwa?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilijua saa ileile. Alipita hapo mlangoni na pingu. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu."

Inspekta akamtazama miguuni. Alikuwa amevaa ndala.

"Siku ile pia nilivaa hizi," fundi alisema. "Ni aibu tu, afande. Aibu ya kusema sijui. Nipeleke."

Alipelekwa. Inspekta akaenda mahabusu kufungua mlango kwa mkono wake.

"Dada, uko huru. Nisamehe."

Muuguzi hakunyanyuka. "Siku ile nilikwambia mbele ya neno kidonge palikuwa na pengo. Nikakwambia hata mimi lilinishangaza. Uliandika?"

Inspekta akafungua daftari. Maelezo ya muuguzi yalikuwa mistari minne, mwandiko mzuri, hakuna kilichokatwa. Pengo halikuwemo. Alilisikia, hakulielewa, akaliruka.

"Sikuandika," alisema, macho yake sakafuni.

"Basi andika sasa. Sitoki hapa mpaka uandike."

Inspekta akaketi kwenye benchi la wafungwa, akaandika. Muuguzi akasimama nyuma yake, akisoma kila neno.