Mgeni Aliyeleta Mchele

"Paroko yuko njiani."

"Misa saa ngapi?"

"Wageni wakishaketi. Mnunuzi yuko hotelini Dar, anasubiri meseji. Hatujui namba yake wala jina lake. Tuletee namba. Na Paroko abaki mzima."

Mkuu wake akakata simu.

Kelestini akaitumbukiza Nokia yake ya tochi kwenye soksi, akavuta mafuta. Pikipiki yake ya Boxer ikanguruma. Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa inaikata lami ya Sanje kuelekea Ifakara, milima ya Udzungwa kulia, mpunga kushoto. Alikuwa ameifuata tangu asubuhi. Wala hakuwa na haraka. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yaleyale ya mtu aliyelala.

Ganzi. Ilimwingia zamani, kazi moja baada ya nyingine, mpaka akaacha kuihesabu kuwa ugonjwa.

Paroko hakuwa padri. Alikuwa tembo.

Wanafunzi wa chuo ndio waliompa jina hilo. Dume zee, meno karibu yanagusa ardhi, linatembea peke yake, polepole, kama linakwenda kubariki mashamba ya watu. Kila siku chache lilishuka kutoka mlimani na kuvuka kwenda bondeni, likipita kwenye tundu kubwa la zege walilochimbiwa tembo chini ya barabara. Wanafunzi walikuwa wameweka kamera pale. Kamera ina laini ya simu. Tembo akipita, picha inaruka moja kwa moja hadi kituoni.

Leo walikuwa wanaonyesha utafiti wao mbele ya wageni.

Na mmoja wa wageni alikuwa amekuja kuua.

Land Cruiser ikakata kona, ikaingia kwenye geti la kituo cha mazingira. Tundu la tembo lilikuwa nyuma ya kituo, ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Mtu mwenye miguu mizuri anafika kabla sigara haijaisha.

Kelestini akaegesha pembeni. Akatazama.

Askari wa wanyamapori waliipekua gari ile kama wanatafuta sindano. Chini ya viti. Ndani ya tairi la akiba. Kioo kikapitishwa chini ya chasisi. Hakuna kitu.

Akashuka mgeni mwenyewe, suti ya Kaunda, meno meupe. Bwana Amedeus, mfadhili. Nyuma yake dereva, Polycarp, mtu mwenye shingo nene kama ya ng'ombe.

"Na haya magunia, mzee?"

"Zawadi, kijana wangu. Mchele. Wanafunzi wale washibe."

Mkono wa askari ulikuwa umeshafika kwenye mshono wa gunia. Ukarudi. Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Ukifanya hivyo bonde lile, hata mama yako atakuona huna malezi.

"Asante sana, mzee. Karibuni."

Magunia yakapita.

Kelestini naye akapita, mkoba wa waya begani, kitambulisho kikisema FUNDI MITAMBO. Alipofika usawa wa jiko akasikia kicheko. Frida mpishi alikuwa ameshika kiuno, anasoma maandishi ya gunia.

"Mchele wa Kyela! Ametuletea mchele, Kilombero! Huyu kesho atatuletea na matope."

"Mtu wa mjini huyo, mama," mwenzake akajibu huku anamenya vitunguu. "Anadhani mpunga unaota dukani."

"Pelekeni stoo. Tutaufungua akishaondoka, asije akatuona tunacheka."

Jiko zima likacheka. Kelestini hakucheka. Mwenye pesa anaweza kuleta soda, anaweza kuleta mbuzi. Anayepeleka mchele Ifakara hana habari na chakula. Huyu alitaka gunia tu.

Stoo ilikuwa na kufuli la kawaida. Halikumchelewesha.

Gunia la kwanza, mchele. La pili, mchele. La mwisho, kidole chake kikagota chuma.

Akafumua mshono. Brno .375, kitako kimekatwa, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Bunduki ya tembo. Akachomoa komeo lake, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, akalitia mfukoni. Bila chuma kile bunduki ni mchi wa kutwangia. Akashona gunia kama alivyolikuta, kwa sindano ileile ya magunia iliyokuwa imechomekwa ukutani.

Akagusa kifaa cha sikioni.

"Agnella. Bunduki imo kwenye mchele. Nimeing'oa meno. Niwakamate?"

Sauti ya mkuu wake ikaja, kavu. "Ukiwakamata sasa, mnunuzi anapanda ndege, halafu mwezi ujao ananunua tembo mwingine kwa mtu mwingine. Haachii lori la kubebea pembe wala pesa mpaka Amedeus amtumie meseji kwamba Paroko kaonekana. Mwache atume."

"Na Paroko akitokea kweli?"

"Afadhali asitokee. Polycarp ana mikono, na sijui ana nini kingine. Hilo ni lako."

Akaifunga stoo, akatoka.

Ukumbini alimkuta msichana mmoja anapanga karatasi zake kwa mara ya kumi. Domitila, mwaka wa tatu, binti wa Lupiro. Yeye ndiye aliyelala kwenye dungu la kulindia mpunga majira mawili ili kumfahamu Paroko.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba usiguse saa ile kwenye kona ya picha. Mwalimu Theodori macho yake yanaanzia hapo. Leo ndiyo maksi ya mwisho, na mwaka jana alinirudishia kazi yote kwa sababu ya tarehe moja tu. Akiona nimedanganya hata kidogo, nimekwisha. Narudi Lupiro kuendesha bodaboda."

"Hata bodaboda hujui," akadakia mwenzake, Maximilian, kutoka nyuma. "Ulimgonga bata wa masista."

"Bata alijigonga mwenyewe!"

Kelestini akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainama kwenye projekta ya Epson, akachomeka kiboksi cheusi cha kunasa meseji za simu zilizomo ukumbini.

Halafu akafanya lile aliloombwa asifanye.

Akakata picha ya moja kwa moja. Akaweka ya jana, Paroko akipita, ili meseji itumwe bila kumsubiri tembo mwenyewe. Akaifunika saa ya kona kwa nembo ya chuo.

Hakuhisi kitu. Kazi ni kazi.

Wageni wakaketi. Amedeus mbele. Polycarp amesimama mlangoni, mikono nyuma. Domitila akaanza kwa sauti inayotetemeka, ikakaa sawa, ikapanda. Alieleza tembo wanavyokumbuka njia ambayo babu zao walipita, na jinsi shamba moja likilimwa katikati ya njia hiyo, watu na wanyama wote wanalia. Alijua anachosema.

"Na sasa," akasema, "tuangalie kama Paroko yupo."

Kelestini akabonyeza.

Ukutani akatokea dume zee, meno chini, anaingia kwenye tundu la zege. Ukumbi mzima ukasema "Aaah!"

Polycarp hakuwepo tena mlangoni.

Domitila aligeuka kutazama ukuta, akaganda. Alfajiri ile mvua ilikuwa imepiga bonde zima, watu wameingia ukumbini na matope viatuni. Chini ya miguu ya Paroko palikuwa na vumbi.

Akamtazama fundi.

Fundi akatikisa kichwa kukataa. Mara moja tu.

"Domitila." Mwalimu Theodori alikuwa ameshasimama, miwani mkononi. "Kumenyesha leo. Mbona pale pakavu? Picha hii ni ya saa ngapi?"

Amedeus alikuwa ametoa Samsung yake, kidole kiko hewani juu ya kioo. Akasita. Akainua macho kumtazama msichana.

Neno moja tu. Akisema *jana*, simu ile inarudi mfukoni.

Domitila alizigeuza karatasi zake. Hakumjua fundi yule. Hakujua kuna bunduki. Alichojua ni kwamba mtu mzima aliyemwitikia shikamoo yake amemkatalia kwa macho yasiyo na mchezo, na kwamba Paroko yumo ndani ya jambo hili.

"Mwalimu," akasema, "naomba maswali yote niyajibu mwishoni. Nisije nikapoteza mtiririko."

Theodori akakunja uso. Akaketi.

Amedeus akabonyeza.

Kiboksi kikawaka taa ya kijani.

"Tumeinasa," sauti ya Agnella. "Namba ipo. Vijana wako kwenye korido ya hoteli yake, wanaipiga wasikie inaita chumba gani. Wewe?"

"Subiri."

Sauti nyingine ikaingia, ya askari aliyejilaza kwenye mpunga. "Dereva kafika tunduni na bunduki. Anaivuta, haivutiki. Anaitukana. Tumemkalia."

"Hakuna tembo?"

"Hakuna. Matope tu."

Wahudumu wawili wenye mashati meupe wakamwinamia Amedeus kwa adabu kubwa. "Mzee, chakula tayari. Mchele wako." Mmoja alimshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Mtu aliyekaa jirani alidhani ni heshima. Amedeus alipotoka nje, meno yake meupe hayakuonekana tena.

Ukumbini hakuna aliyejua lolote.

"Sasa ni mwishoni," alisema Mwalimu Theodori.

Domitila akaweka karatasi chini. "Picha ni ya jana, mwalimu. Si ya sasa hivi. Kosa ni langu."

Minong'ono. Maximilian akaziba uso. Theodori alishika kalamu, akaandika maksi.

Kelestini alikuwa ameshakunja waya wake. Mlango ulikuwa hatua chache. Kazi imekwisha, na hakuna kipengele cha kazi kilichomhusu binti wa Lupiro.

Akasimama.

"Shikamoo, mwalimu. Huyu mtoto alinionya nisiguse. Niligusa. Nilichomeka faili la jana na nikaifunika saa. Yeye hakujua mpaka alipoiona pale ukutani."

"Fundi wa wapi wewe?"

"Wa kuokoteza tu, mwalimu."

"Basi kaokoteze kwingine! Mtoto wa watu amesota majira mawili, wewe unakuja kumharibia na kidole chako kichafu? Mtu mzima na mvi! Huna hata aibu!"

"Sina, mwalimu."

Wanafunzi wakamzomea. Mmoja alimrushia chupa tupu ya maji, ikamgonga begani. Iligonga kama imegonga ukuta. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ganzi yake ilimfaa mtu.

Theodori akafuta alichokuwa ameandika. Akaandika kingine.

Getini Domitila alimkimbilia, anahema.

"Baba, wewe si fundi."

Kelestini alitoa simu yake kubwa, akamgeuzia kioo. Kwenye kona ya picha ya kamera, saa ya sasa hivi. Ardhi imelowa, inang'aa. Na dume zee linaingia kwenye tundu polepole, peke yake, tope hadi magotini.

Msichana akashika mdomo kwa mikono miwili.

"Mbona wewe hufurahi?"

Kelestini aliitazama picha kwa muda. Alijaribu kweli.

"Furahi wewe," akasema.

Akalitoa komeo la bunduki mfukoni, akamkabidhi askari wa geti, akavaa helmeti. Nokia ilikuwa inatetemeka ndani ya soksi: kazi nyingine.

Akaiacha itetemeke mpaka Boxer ilipowaka.