Aliyejibu Jina la Kwenye Kadi

Kirikuu, kigari chao cha mizigo, ilikuwa tupu. Hilo ndilo Atuganile alilolirudia kwa kila aliyemuuliza baadaye, kwamba ilikuwa tupu na imefagiliwa, hata punje ya kakao haikubaki nyuma. Lakini mumewe Sadoki alipoiingiza uani saa saba mchana na gurudumu likapanda juu ya mzizi, vyungu viligongana. Ko, ko, ko. Mlio ule ule wa vyungu vya Lyulilo vilivyopangwa na nyasi katikati, vikigusana mabega njiani.

"Umebeba vyungu, Baba Kisa?"

"Vyungu vya nini? Nimetoka kushusha kakao."

Atuganile akazunguka nyuma ya gari, akachungulia. Bati tupu, limepata moto wa jua. Ila harufu ilikuwepo, ya udongo mbichi na moshi wa nyasi, kama umeinama juu ya tanuri la mfinyanzi. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema moyoni kwamba joto la Kyela humsikizisha mtu mengi. Akarudi kuanika mpunga wake.

Gari lenyewe walilinunua kwa Hezroni wa Njisi, kwa jasho la kakao la misimu miwili. Hezroni aliwapa funguo, karatasi ya mauziano na kadi ya umiliki. Kwenye kadi jina halikuwa la Hezroni. Lilikuwa la Ebeneza, mchuuzi wa vyungu wa kule Lyulilo, aliyekufa kwa homa kabla Hezroni hajalichukua gari kwa shemeji za marehemu.

"Jina mtabadilisha taratibu," Hezroni alisema. "Hata mimi sikubadilisha. Gari limekataa kwenda?"

Taratibu! Sijui nani alituroga na neno hilo. Mtu anajenga taratibu, anaoa taratibu, hata kwenda hospitali anakwenda taratibu, mpaka siku anayobebwa. Sadoki naye kila mvua zikiisha alisema atakwenda kubadilisha jina, na kila zikianza alikuwa hajaenda. Miaka miwili ikapita hivyo.

Sasa, ghalani wanakopokea kakao kuna utaratibu wao. Asubuhi karani anachukua nakala za kadi za magari yote, anazipanga kama zilivyofika, halafu anaita jina lililoandikwa. Hajui sura ya mtu, anajua kadi. Na kwa kuwa nusu ya magari yetu yana majina ya watu wengine, hapo huwa ni kicheko kitupu. Kulikuwa na jibaba moja lenye ndevu hadi kifuani, gari lake la mama mmoja wa Mbeya. Karani akiita "Beatrice!" linaitika "Naam!" kwa sauti ya besi, na foleni nzima inapiga makofi. "Bibi harusi huyo, mpisheni!"

"Ebeneza!" karani anaita.

"Naam!" anaitika Sadoki.

Kila wiki ya msimu, miaka miwili. Tofauti ni kwamba Beatrice wa Mbeya alikuwa hai, anakunywa chai yake.

Baada ya siku ya vyungu, Sadoki alianza kuchoka. Si uchovu wa kazi, huo Atuganile aliujua na dawa yake alikuwa nayo, maji ya moto na uji wa ndizi. Huyu alichoka kama mtu anayebeba mwenzake mgongoni. Alikaa kwenye kigoda mchana kutwa, akichukua kila chombo kilichopita karibu, sufuria, bakuli, hata kikombe cha bati, akikigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama wafanyavyo wachuuzi wa vyungu wanapotafuta ufa. Mikono yake ikakauka na kupasuka nyufa nyeupe. Chini ya kucha kukawa na udongo wa kijivu ambao kijijini kwao Bujonde haupo.

Ukimwita "Baba Kisa" hageuki. Siku moja Kisa, binti yao wa darasa la tatu, alimpelekea maji ya kunawa, akarudi jikoni amebana midomo.

"Mama, baba ameniuliza mimi ni mtoto wa nani."

"Alikuwa anakutania."

"Hakucheka, mama."

Mwinjilisti aliletwa, mtu mwema, akaomba mpaka shati likalowa. Harufu ya udongo ikasogea hadi kwenye migomba, ikakaa huko wakati wa maombi yote, na baiskeli yake ilipokata kona ikarudi sebuleni. Ndipo shangazi yake Sadoki, bibi aliyekuwa hatoki kitandani, akasema neno ambalo Atuganile hakulielewa siku hiyo. "Mnamfukuza mtu kwenye mali yake? Atakwenda wapi?"

Kisha Sadoki akaanza kutoka na gari bila mzigo. Mara ya tatu Atuganile hakuuliza, aliruka akakaa kiti cha pembeni, na Sadoki hakumtazama. Barabara ya Matema ilikuwa nyeupe kwa jua. Mumewe ambaye siku zote alisukuma gari kwa pupa na kulaani mashimo, siku hiyo aliyakwepa moja moja, polepole, kwa upole wa mtu aliyebeba vitu vinavyovunjika, na nyuma yao, ndani ya bati tupu lililokuwa linawaka jua, vyungu viligusana, vikatulia, vikagusana tena, na Atuganile aliyekuwa amejikaza asigeuke alihisi ile harufu ikimpanda kutoka miguuni mpaka puani, mbichi, ya baridi katikati ya joto lile, na alipomshika mumewe mkono amwombe wageuze, mkono ulikuwa na unyevunyevu, laini, ukabonyea chini ya vidole vyake na alama za vidole zikabaki.

Akauachia. Akawa anafuta vidole kwenye kanga mpaka Lyulilo.

Gari lilisimama mbele ya nyumba iliyozungukwa na vyungu visivyochomwa. Mwanamke wa makamo alitoka na bakuli la maji, akampa Sadoki anawe, akamwelekeza kwenye mkeka. Ugali ulikuwa tayari, wa watu wawili. Alipomwona Atuganile akishuka, alisimama na bakuli mkononi.

"Wewe ndiye mke wake," alisema. "Mimi ni Winnie, mke wa Ebeneza. Karibu ukae, dada. Nilijua utakuja."

"Amekuja hapa mara ngapi?"

"Hii ya tatu. Anakula, anagonga vyungu vyangu, anaondoka. Hasemi." Winnie akaketi kwa kujishikilia kiuno. "Mkono ni wa mumeo, ninauona. Lakini kutafuna ni kwa yule wangu. Upande wa kushoto tu, jino lilikuwa linamuuma."

"Na unamkaribisha!"

"Dada, ukikaa na mlango wazi miaka mitatu, huulizi anayeingia."

Atuganile alitaka kumtukana, akaketi kando yake. Wanawake wawili wakamtazama yule mtu anayekula, nao wamechoka wote.

"Kwetu," Winnie akaanza tena kwa sauti ya chini, "siku ya kumaliza matanga wazee wanaliita jina la marehemu uani. Aliyechaguliwa anaitika, anakaa mahali pake, anakuwa baba wa nyumba. La Ebeneza waliliita. Kaka zake walishatangulia, mtoto sikuzaa. Hakuna aliyeitika. Wazee wakaenda zao, mahali pakabaki wazi." Akamgeukia. "Huyu wako aliitika wapi?"

"Ghalani. Kwenye foleni ya kakao."

"Foleni!" Winnie alicheka kicheko kikavu. "Mara moja?"

"Miaka miwili."

"Basi ameitika kuliko mtoto wa kuzaa. Na nyumbani mnamwitaje?"

"Baba Kisa. Mimi ningemwitaje?"

"Kwa hiyo jina lake mwenyewe halisikii popote. Jina analosikia ni moja tu."

Ndipo maneno ya shangazi yakamwingia Atuganile. Gari lilikuwa la Ebeneza kwa kadi, na mtu wa kuitika alikuwa amepatikana. Kumwondoa ni kwanza kuiondoa mali mikononi mwake, mbele ya serikali, kwa maandishi.

"Njoo ubadilishe jina pamoja nasi," alimwambia Winnie. "Tafadhali. Kesho kutwa atakuwa hanijui kabisa."

Winnie aliliweka bakuli chini. Aliviangalia vyungu vyake.

"Nitakuja," alisema.

Lakini mali ya marehemu haihami kwa siku moja. Kulikuwa na kikao cha ukoo, na muhtasari wa kikao uliotaka sahihi za wazee ambao mmoja yuko shambani na mwingine mgonjwa. Kulikuwa na mahakama ya mwanzo, kumteua Winnie msimamizi wa mirathi, na siku tisini za tangazo ukutani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hezroni naye aliitwa kusaini.

"Mimi nilikuwa siitikii jina hilo," alijitetea. "Nilimwambia karani aniite Hezroni wa Njisi. Alinicheka, lakini aliniita."

"Na hukutuambia?"

"Ningesema nini, dada? Kwamba naogopa karatasi?"

Siku tisini hizo gari lilisimama uani limefunikwa turubai, na Sadoki akafungiwa sebuleni. Atuganile alilima peke yake, akavuna peke yake, akarudi kumlisha mumewe uji kwa kijiko, akihesabu siku kwa vifundo kwenye kamba. Mchana wa jua kali, chini ya turubai, vyungu viligongana kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Siku ilipofika mvua ilikuwa inamwagika mji mzima wa Kyela. Hezroni aliwaendeshea gari, akaliegesha nje ya ofisi ya mapato na kwenda zake; ndani mabenchi yalijaa watu waliolowa. Sadoki aliketi katikati ya wanawake wawili, kichwa chini. Binti wa dirishani, kitambulisho shingoni kimeandikwa Nancy, alizipokea karatasi zote kwa heshima, akazipitia moja moja, akaikunjua ile kadi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu wa kazini.

"Mwenye gari kwa mujibu wa kadi, Ebeneza. Yupo?"

Sadoki akainua kichwa, na pale pale harufu ya udongo mbichi ikafurika chumba kizima, ikazidi ile ya nguo zilizolowa na karatasi, hata watu wa benchi la nyuma wakashika pua na kusogea, na huko nje kwenye maegesho, juu ya kishindo cha mvua, vyungu vikaanza, kimoja, halafu viwili, halafu vyote pamoja, kama mtu anapita katikati yake kwa haraka akitafuta pa kushukia, na midomo ya Sadoki ikafunguka ikiwa na utando mweupe wa udongo pembeni, na Atuganile akageuka kumtazama Winnie aseme lile neno alilokuja kulisema, akaona Winnie hamtazami binti wa dirishani hata kidogo, anautazama mdomo wa Sadoki, ametega sikio, anangoja, na usoni mwake mna njaa ambayo mwanamke yeyote anaijua, na Atuganile akaelewa kwamba mwenzake angeacha aitike.

"Ebeneza?" Nancy aliuliza tena.

Mke wa kwetu hamwiti mumewe jina mbele za watu. Mama yake hakumwita baba yake, na bibi yake alikufa bila kulitamka la babu. Atuganile alisimama katikati ya ofisi ile.

"Sadoki!" alipiga kelele. "Sadoki! Sadoki!"

Mzee mmoja akaguna. Sadoki akaufunga mdomo, akameza, akafumba macho kama mtu aliyemeza mfupa.

"Mama," Nancy alimwambia Winnie kwa upole, "nimeuliza kama mwenye kadi yupo."

Winnie alisimama, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Hayupo," alisema. "Amefariki. Mimi ni mke wake, msimamizi wa mirathi. Ninalitoa gari kwa huyu."

Nje vyungu vikanyamaza. Havikupasuka wala havikupungua. Vilinyamaza tu, na mvua ikasikika peke yake.

Walisaini. Nancy akapiga mhuri, akasema kadi yenye jina la Sadoki itatoka. Sadoki aliulizwa jina lake, akalisema lote, la kwake na la baba yake, polepole kama mtoto anayesoma. Barazani akaegemea ukuta.

"Nina njaa, Mama Kisa. Nimekula lini?"

Atuganile akawa analia na kucheka. "Leo asubuhi. Uji."

"Umeniita jina mbele za watu."

"Nimekuita."

"Niite tena."

Akamwita tena, kwa sauti ya chini, na akaitika. Akaushika mkono wake. Ulikuwa mkavu, mgumu, wa dereva.

Ndipo akamkumbuka Winnie. Alikuwa ameshashuka ngazi, mwavuli mkononi.

"Dada, ndaga, ndaga fijo, asante sana! Panda, tukupeleke hadi Lyulilo. Mvua hii!"

"Gari ni lenu sasa," Winnie alisema bila kugeuka. "Nitakwenda stendi."

Akafungua mwavuli, akaingia barabarani. Atuganile alimtazama akienda kwa mwendo mdogo, akisimama kidogo kwenye kila dimbwi kabla ya kulizunguka. Mwavuli hakuuweka juu ya kichwa chake. Aliunyoosha pembeni, upande wa kushoto, ukikinga mahali pasipokuwa na mtu, na bega lake la kulia lililowa mpaka mvua ikamficha.