Mti wa Krismasi Uliofukizwa Ubani

Kila siku saa nane mchana, Evodia alishuka kwenye basi la shule, akapita mbele ya gereji za Wadi Kabir, mjini Maskati, na kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Kabla ya kufika kwao alipitia ghorofa ya kwanza, kwa Bibi Mahbuba, kumchukua mdogo wake, Belinda. Alimpa chakula, akakaa naye mpaka mama yao aliporudi kazini saa kumi na moja.

Evodia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Belinda alikuwa na mitano, tena alikuwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta iliwekwa juu ya friji jikoni, ambako kila mtu aliweza kuifikia isipokuwa mwenyewe, maana siku moja alimpulizia paka wa jirani.

Bibi Mahbuba alikuwa muuguzi mstaafu. Alikuwa Mwomani, ila wazazi wake walizaliwa Unguja, na nyumbani kwake Kiswahili kilizungumzwa kutwa. Hakuwa na watoto wadogo tena, kwa hiyo alimgombeza Belinda kama wake, na Belinda alimpenda sana.

Ijumaa moja ya Desemba, baba yao, Leodegar, alileta mti wa Krismasi wa plastiki. Ulikuwa umelala miaka mitatu katika stoo ya gereji aliyokuwa akiisimamia. Mama yao, Restituta, aliufunga utepe mwekundu huku akiimba. Ilikuwa Krismasi yao ya kwanza pamoja tangu baba alipowatangulia Maskati, na Evodia alikuwa hajamwona mama yake na furaha ile kwa muda mrefu.

Usiku ule Belinda alianza kukohoa.

Jumapili, binamu yao Elikana aliyekuwa Bukoba alituma ujumbe wa sauti aliotumiwa na wengine. Evodia aliusikiliza peke yake.

"Mti huo si wa Yesu," ilisema sauti nzito ya mtu asiyemjua. "Watu wa kale wa Ulaya waliutukuza kabla hawajamjua Mungu. Na huko milimani, yule mzee wa Krismasi mwenye ndevu nyeupe hutembea na zimwi lenye pembe na minyororo. Hubeba watoto kwenye kapu. Ukiuweka mti huo ndani, umelifungulia mlango. Litaanza na aliye dhaifu kuliko wote."

Evodia alitafuta kwenye simu akitumaini kuwa ni uzushi. Akakuta picha za viumbe wenye pembe wakitembea kwenye theluji, minyororo mikononi. Basi akaona kwamba kama picha ni za kweli, na yaliyobaki ni ya kweli. Angemwambia mama, lakini angewezaje kumharibia furaha yake? Akanyamaza.

Kikohozi cha Belinda kilizidi. Jumatano mchana, Evodia alikuwa akimmenyea chungwa aliposikia minyororo ikigongana huko chini. Ilikuwa minyororo ya gereji, ile ya kunyanyulia injini, na alikuwa akiisikia kila siku. Siku hiyo moyo ulimwenda mbio, akautazama mti pale pembeni, akaona kama matawi yamemsogelea. Alikumbuka kwamba Bibi Mahbuba hufukiza ubani, na kwamba watu husema ubani hufukuza vitu vibaya. Akashuka ngazi.

"Shikamoo Bibi. Mama ameniagiza chetezo na ubani. Tuna wageni."

"Marhaba mwanangu. Mama yako kesharudi?"

"Ndiyo, Bibi," alijibu Evodia akitazama chini.

Bibi Mahbuba alimtilia ubani kwenye karatasi, akampa na vipande viwili vya makaa. "Mwambie afungue madirisha yote. Na Belinda asikae karibu, moshi na kifua chake haviwezani."

Evodia hakufungua madirisha. Aliyafunga, akaziba na chini ya mlango kwa taulo, kwa sababu aliona moshi ukitoka hautafanya kazi. Aliwasha makaa, akatia ubani wote kwa pamoja, akauzunguka mti akisali Baba Yetu. Belinda alikaa kwenye mkeka akimtazama.

Mara ya tatu kuzunguka, kichwa kilianza kumgonga. Belinda alikohoa, akakohoa tena, kisha akanyamaza. Evodia aligeuka. Mdogo wake alikuwa ameinama mbele, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikilia filimbi. Alitaka kusema neno na halikutoka. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Huko chini, minyororo iligonga.

"Limekuja," Evodia aliwaza. Dawa ilikuwa jikoni, na njia ya jikoni ilipita kando ya mti. Hakuwahi kuogopa vile maishani. Halafu Belinda alimnyooshea mkono, na Evodia akafumba macho, akapita kwenye mti matawi yakimkwaruza shavu, akaichukua dawa. Alimbeba mdogo wake, akaupiga teke ule mlango uliozibwa taulo, akatoka kwenye ngazi akiita kwa sauti yote, "Bibi, njoo! Belinda anakufa!"

Bibi Mahbuba alipanda kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau. Alimketisha Belinda wima pale kwenye ngazi penye hewa, akampa dawa polepole, pumzi moja baada ya nyingine. Kisha akaingia ndani amejifunika pua, akafungua kila dirisha na kukitoa chetezo nje. Aliwatia wote wawili kwenye gari lake, akawapeleka kituo cha afya.

Daktari alimpa Belinda dawa ya mvuke, akampima Evodia pia. Wazazi wao walipofika wakiwa na hofu, Belinda alikuwa ameanza kuomba biskuti.

"Makaa yakiwaka pamefungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu," alisema daktari. "Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine."

Walirudi nyumbani jioni. Evodia alisimama mbele ya mama yake, akaeleza yote: ujumbe, zimwi, na uongo aliomwambia Bibi mara mbili. Machozi yalimtoka kabla hajamaliza.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "ulidhani naupenda mti kuliko nyinyi?"

Evodia alitikisa kichwa.

Bibi Mahbuba alikuwa amekaa kitini. "Huyo mtu kasema kweli nusu, akaikorogea na vitisho. Mimi nlisoma uuguzi Uingereza, nkikaa chumba kimoja na msichana wa Austria. Kanambia, kwao wakati wa baridi miti hupukutika, hubaki michache tu yenye majani. Watu wa kale, kabla ya Ukristo, wakiweka matawi yake ndani kujipa moyo kuwa jua litarudi. Walipobadili dini, matawi wakabaki nayo, wakayapa maana nyengine."

"Na zimwi?" aliuliza Evodia.

"Zimwi ni kaka yake huyo msichana. Nna picha yake kavaa ngozi ya mbuzi na pembe, yeye na wenzake wakitisha watoto watukutu. Na ubani wako huo je? Zamani watu wakiyachomea masanamu yao. Leo mimi nafukizia nguo za Idi, na nyinyi mnaufukiza kanisani. Jee, nna jini mimi?"

Alinyanyuka, akapitisha kidole kwenye tawi moja na kukiinua juu. Kilikuwa cheusi kwa vumbi la gereji. "Hiki ndicho kilichokuwa kikimkohoza."

Leodegar aliinamisha uso. "Hilo ni kosa langu. Sikuuosha."

"Sikiliza, Evodia," alisema mama. "Kuogopa si kosa, hata mimi leo nimeogopa. Kosa ni kuificha hofu ndani ya uongo mpaka ikamfika mwenzako. Kitu kikikutisha, kilete kwetu kwanza, hata kama unadhani kitatuudhi."

Jumamosi waliuosha mti kwa sabuni na kuuanika juu ya paa la jengo, katikati ya shuka za majirani. Kikohozi cha Belinda kilipungua siku hadi siku.

Wiki ya Krismasi, simu ililia. Elikana alikuwa ametuma sauti nyingine. Evodia aliiona, na moyo ukamdunda kama mwanzo. Aliichukua simu bila kuifungua, akaenda jikoni.

"Mama," alisema, "naogopa. Tusikilize pamoja."