Aliyeogopa Nakala

Jumamosi asubuhi Noela alifungua bahasha iliyokuwa kabatini sebuleni kwao, Madale, akakuta cheti chake cha Kijerumani hakimo. Pasipoti ilikuwemo. Kompyuta ilikuwa palepale mezani. Chuo kimoja cha Ujerumani kilikuwa kimempa nafasi ya kusoma uhandisi, na cheti hicho kilitakiwa kabla ya Ijumaa.

Hakutafuta mara mbili. Alitoka uani akapiga kelele mpaka majirani wakajaa, kisha akalimwaga chini begi la Munira, mpangaji wao, aliyesoma naye Kijerumani na kufeli mtihani. Nguo za ndani za Munira zikatawanyika vumbini mbele ya wanaume. Cheti hakikuonekana.

Sajenti Eufrazia, mpelelezi wa polisi aliyeitwa na majirani, alianza na Munira.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nililala Chanika kwa shangazi, afande. Nimefika asubuhi hii, hata viatu sijavua, nikaitwa mwizi."

Shangazi alithibitisha kwa simu: Munira alifika kwake tangu jana mchana. Mama yake Noela, Apolonia, naye alisema cheti alikiona jana hiyohiyo jioni.

"Mama, nasikia hutaki binti yako aondoke," Eufrazia alimwambia.

"Sikufichi, mwanangu. Sitaki. Lakini nilimwombea afaulu."

"Nani mwingine aliingia humu jana jioni?"

"Mwalimu wake tu, Valerian. Alikuja kutupongeza. Nilimwonyesha cheti, nikamwacha hapa nikaenda kuchemsha chai."

Mwalimu Valerian alikuwa uani kati ya majirani. Alipoitwa aliingia, shati lake limelowa jasho.

"Mwalimu, nisaidie. Noela aombe nakala kwenye kituo cha mtihani?"

"Hapana, afande," alijibu haraka. "Nakala inachukua miezi. Afadhali arudie mtihani. Safari hii nitamsajili ule wa chuo kikuu."

Eufrazia aliitikia kwa kichwa, akatoka kupiga simu kituo cha mtihani. Aliporudi aliwaita wote sebuleni, akafunga mlango.

"Noela, ulifanya mtihani gani?"

"C1, afande, ngazi ya juu ya Kijerumani."

"Ipi? Nimeambiwa ziko mbili."

Noela alimgeukia mwalimu wake. "Nilimuuliza mwalimu kabla hajanisajili. Akasema C1 ni C1 tu."

"Mwizi wa kawaida angechukua kompyuta," Eufrazia alisema. "Na nakala inatoka Jumatatu, mwalimu, si baada ya miezi. Mtu anayeogopa hata nakala anajua cheti chenyewe kina kasoro. Umesema safari hii utamsajili ule wa chuo kikuu. Safari ile ulimsajili upi?"

Valerian alikaa bila kukaribishwa. Alitoa cheti kilichokunjwa mfukoni mwa suruali, akakiweka mezani.

"Ule wa kawaida. Ni halali, lakini chuo cha Noela hakiupokei. Nilikuja kugundua juzi. Sikuyasoma masharti, nilijifanya nayajua. Nikasema cheti kikipotea atalaumiwa mwizi, mtoto atarudia mtihani, hatajua kwamba ni mie niliyempotezea mwaka."

"Na Munira?"

"Leo nilikuja kukirudisha, afande. Nikakuta watu wamejaa. Begi lilipomwagwa, cheti kilikuwa mfukoni mwangu."

Apolonia alijifunika uso kwa upande wa khanga.

"Naomba nitokee mlango wa nyuma," Valerian alinong'ona. "Wanafunzi wangu wapo nje."

"Munira alipekuliwa mbele ya watu," Eufrazia alisema, akafungua mlango wa mbele.

Noela alimkuta Munira bombani, anafua zile nguo zilizoingia vumbi. Alisimama nyuma yake, mikono haijui iende wapi.

"Munira, dada yangu, nisamehe. Nilikuona umefeli, nikaona basi, ni wewe tu."

Munira aliendelea kufua.

"Mbona unaniomba msamaha kimyakimya? Nilipokuwa mwizi, mtaa mzima ulisikia."

Noela alielewa. Alirudi katikati ya uwanja, majirani walipokuwa wakimsindikiza mwalimu kwa macho. Uso ulimwaka moto. Akapaza sauti:

"Jamani, naomba mnisikilize. Munira si mwizi. Mwongo ni mimi."