Kamba Iliyomkaa Mwero

Jioni ile nilikuwa nimebakisha kazi moja tu: kuanika hanesi zilizorudi na chumvi, nifunge duka, niende zangu Ukunda nikawahi samaki. Nafanya kazi kwenye duka la kukodisha vifaa vya kaiti hapa Diani, ule mchezo wa mtu kuvutwa na upepo juu ya maji, miguu kwenye ubao. Kazi yangu mimi ni kumvisha mtu. Hanesi ni mkanda mpana wa kiunoni wenye ndoana ya chuma mbele, na kaiti hufungwa hapo. Ikilegea inapanda hadi mbavuni, ikibana mtu hapumui. Wageni hudanganya sana. Wanaume huvuta tumbo ndani nikiwapima, wanawake hunitajia saizi ya ujana wao. Nami huwatazama tu, nikawapa kinachowafaa, wapende wasipende.

Kaiti yenyewe huchaguliwa kwa uzito. Mtu mzito hupewa kubwa, mwepesi hupewa ndogo, na upepo ukizidi unampunguzia tena. Ukimpa mwepesi kaiti kubwa siku ya kusi kali, umemtuma asikokujua. Ndiyo maana mizani yetu imekaa mlangoni, na hatoki mtu kwenda majini bila kuipanda.

Mdogo wangu Mwero alikuwepo jioni hiyo. Yeye ni fundi wa vigae, kazi yake ni kupiga magoti kwenye sakafu za watu, na kila siku asiyokuwa na kazi utamkuta baharini na kaiti yake. Hanesi yake ilikuwa imechanika mshono, basi amekuja kuchagua nyingine. Alikuwa ameshajaribu nne. Anavaa, anachuchumaa, anazunguka, anavua. Nikamwambia hata bibi harusi hachagui hivyo, na mimi samaki wangu wanaisha. Akacheka. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na yeye, na mama hana mwingine wa kumtazama.

Nilisikia harufu kabla ya kusikia hodi.

Kafuri. Ile wanayotiwa maiti.

Mlangoni alisimama mtu wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu limefungwa vifungo hadi shingoni. Miguu peku, ina udongo mwekundu uliolowa hadi vifundoni. Mvua haikuwa imenyesha. Akatoa salamu vizuri, nikaitikia. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, ikabidi nisogee.

Akasema anataka vifaa vya kijana wake. Kijana hawezi kuja mwenyewe. Nikamweleza kwamba hatuvishi mtu asiyekuwepo, maana kila mwili una mambo yake. Akatia mkono mfukoni, akatoa kamba ya katani yenye fundo moja. Akanionyesha: kutoka ncha hii hadi kwenye fundo ni kiuno, na kamba nzima ni kimo chake.

"Na uzito?" nikamwuliza.

"Uzito sina," akasema. "Huo ndio ninaoutafuta."

Nilidhani ni mzaha wa watu wazima. Tena nilikuwa na haraka. Nikamwita Mwero, maana kwa jicho langu kamba ile ilikuwa ya mtu wa umbo lake, nikamwambia asimame wima anisaidie tumalize. Nikamzungushia kiunoni. Fundo likagusa ncha. Nikaishika utosini, nikaishusha mgongoni hadi kisigino. Haikupungua, haikuzidi. Ilikuwa na ubaridi, na vidole vyangu vikabaki na unyevu.

Nikasema neno ninalomwambia kila mteja.

"Imekukaa."

Yule mtu akaifuata kamba kwa macho mpaka chini. Akanyoosha mkono, nikampa. Akaikunja polepole...

"Inatosha," akasema. "Nimeshapata."

Akatoka. Hakuchukua hanesi, hakuuliza kaiti. Nilipotoa kichwa nje nikaona njia tupu, na kafuri ilibaki dukani hata baada ya kufungua madirisha yote.

Mwero alirudi baada ya siku kidogo, upepo mzuri, ana furaha. Akapanda mizani. Siku zote Mwero ni kilo themanini na nne. Mizani ikasoma sabini na tisa. Owen, mwenzangu wa kutoka Kisumu, akaipiga teke kidogo.

"Hanifa, manze hii mizani imekufa."

Akaipanda yeye, ikasoma sawa. Nikapanda mimi, sawa. Mwero akasema ni kazi nyingi na chakula cha vibandani. Nikampa kaiti ndogo kidogo, nikamfunga hanesi aliyoichagua. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Hanesi iliingia palepale ilipoingia jioni ile. Mtu akipungua, mkanda hulegea. Kiuno cha Mwero kilikuwa kilekile, mashavu yaleyale, mikono ileile minene ya kubeba saruji. Mwili wote ulikuwepo. Uzito tu ndio uliokuwa unaondoka.

Ukaendelea kuondoka. Hospitali walimpima damu, sukari, kifua, wakasema kijana mzima kabisa. Kitanda chake kikaacha kulia akigeuka. Siku moja alirudi kutoka kazini mapema, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Akanieleza kwamba amekanyaga vigae alivyotoka kuvibandika, saruji bado mbichi, na havikuzama. Amevuka chumba kizima, akarudi. Hakuna kigae kilichosogea. Mwenye nyumba alikuwa anatazama, akamwambia asirudi kesho.

Niliazima mikanda ya risasi, ile wanayofunga wapiga mbizi ili wazame. Nikamfunga Mwero chini ya shati ili atembee kama watu.

Mama alikuwa hajui habari za ile kamba. Sikuona kama ni habari. Siku moja anakuna nazi, mimi napepeta mchele, nikamsimulia ilivyokuwa kumpima Mwero kwa kamba ya mteja. Mbuzi ikanyamaza. Akaniuliza nilimpima kutoka wapi hadi wapi. Nikamwambia, utosini hadi kisigino.

"Kwa kamba? Amesimama?"

"Amesimama, mama."

Akafunika uso kwa leso. Huko kwetu kimo cha mtu huchukuliwa kwa kamba siku moja tu, ili mchimba kaburi ajue achimbe kiasi gani. Na kamba hiyo humfuata mwenyewe chini. Mimi hayo niliyajua tangu utotoni, ila dukani nilikuwa nimeshika kamba ya mteja, na mawazo yangu yalikuwa kwenye saizi.

Mama akanituma kwa Chome. Huyu ni rika la wajomba zetu, anachimba makaburi upande wa Galu, siku nyingine anasuka makuti. Nilimkuta na makuti yake. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye habari ya udongo mwekundu akaweka kuti chini.

Alisema udongo huo ni wa kaburi alilochimba yeye. Kijana mmoja alifariki, upande wa baba wakataka azikwe Galu, wakampelekea Chome kamba, akachimba. Mwanandani, lile shimo la ndani la kulazia maiti, umekwisha, watu wanangoja jeneza, wakaja wajomba kutoka Vanga wakaichukua maiti wakaenda nayo kwao. Kaburi likabaki wazi. Sasa, kaburi lililochimbwa halifukiwi hivihivi. Hukatwa mgomba wa kimo cha marehemu, ukavikwa sanda, ukalazwa mle, ndipo watu wakafukia. Siku ile ilikuwa ni kugombana na kutupiana maneno, hakuna aliyekwenda kukata mgomba. Wakamwambia Chome afukie, akafukia.

"Na kamba?"

"Niliitupa mlemle. Nikaifukia kwa mikono yangu hii."

Nikamwuliza kuhusu mtu wa shati jeupe. Akasema ukoo ule anaujua wote, hakuna mtu wa namna hiyo. Kisha akauliza jambo jingine, kwa sauti ndogo.

"Umesema ilikuwa na fundo la kiuno?"

"Ndiyo."

"Sisi kiuno hatupimi, Hanifa."

Tulikwenda asubuhi, mimi na yeye. Kaburi lilikuwa limetitia. Mvua hakuna, na udongo umeshuka hadi usawa wa magoti, kuta zake zimenyooka, na kila tulipotazama punje za udongo zilikuwa zinateremka zenyewe... taratibu... Kitu kizito kilikuwa kinajazwa humo chini. Nilijua ni nini, na nilijua hata ni kilo ngapi.

Chome alikata mgomba. Nilimpa kimo cha Mwero kwa kuonyesha kwa mkono, sikuthubutu kushika kamba. Tukauvika kitambaa cheupe, akaulaza, akasoma anayoyajua, akafukia. Siku hiyo Mwero akapanda mizani, ikamrudishia kilo mbili. Mama akapika pilau. Tulikula tukicheka, Mwero akaongeza sahani, nikamwambia sasa atataka kaiti ya mita kumi na nne. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Keshoye zilikuwa zimeondoka hizo mbili na nyingine nane.

Chome alikwenda kutazama peke yake. Mgomba ulikuwa nje, juu ya udongo, mzima, sanda haijachafuka.

"Kaburi limeshaonyeshwa mtu," aliniambia. "Mgomba halitaki tena."

Nikamwuliza tufanye nini. Akasema hajui. Nikamwuliza nani anajua. Akatazama makuti yake. Nilikwenda kwa shehe, nikaenda kwa mganga wa Kinango, nikaenda nilikoambiwa na nilikokatazwa. Kila mmoja alisoma au alichoma kitu, na kila nikirudi nyumbani Mwero alikuwa mwepesi zaidi. Mama alimfunga kitandani kwa leso mbili, kwa sababu ya dirisha. Ndiyo hali tuliyofikia. Mwanamume mzima, amefungwa kwa leso ili upepo wa dirishani usimwinue.

Asubuhi moja, mama amekwenda kisimani, akaniita.

"Da Hanifa. Nichagulie kaiti."

Nikamwambia anyamaze.

"Napata ubaridi miguuni," akasema. "Ni udongo. Nausikia hadi hapa sasa." Akagusa kifua. "Wananichukua kidogo kidogo, dada. Niache angalau nikaruke, kabla hawajafika kichwani."

Nilikataa. Nikalia, nikamtukana, nikamwambia mama atafanya nini. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi, jua liko juu, sote tunatoka jasho. Nikafungua leso.

Nilimpeleka dukani nimemshika mkono. Watu njiani walidhani tunapendana sana. Owen alituona, akatoka nje akasimama kutazama barabara. Mwero akapanda mizani. Haikusogea. Nikaigusa kwa kidole, ikasogea kwa kidole changu.

Kwa mtu wa namna hiyo hakuna saizi. Nikachukua kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiipenda tangu zamani nami nikimnyima. Nikamfunga hanesi kwa mikono yangu, kamba baada ya kamba, nikaingiza vidole viwili kukagua kama haimbani. Ilikuwa sawasawa. Sikuweza kulisema lile neno. Kila mteja nimemwambia, yeye sikumwambia.

Kusi lilikuwa linavuma vizuri. Alipoiinua kaiti, hakugusa maji hata kidogo. Alipanda. Wageni walioko kwenye vitanda vya jua wakasimama, wakapiga makofi, wengine wakatoa simu. Akavuka mwamba pale mawimbi yanapovunjika, bado anapanda. Mzungu mmoja akaniuliza kama huyo ni mwalimu wetu, na masomo yake yakoje. Nikamwambia ni ndugu yangu. Akanipa hongera.

Kisha kaiti ikageuka, ikaanza kushuka yenyewe, taratibu. Mashua ilikwenda. Walirudi na kaiti na hanesi. Nilipokea mimi. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, vilevile nilivyovifunga, na hakuna mtu anayeweza kuivua bila kuvifungua. Niliingiza mkono ndani. Ilikuwa baridi, na kwenye mshono kulikuwa na udongo mwekundu.

Chome alinipigia simu kabla sijafika nyumbani. Alisema kaburi limejaa, tena limepanda tuta, kama la mtu aliyezikwa leo.

Mama anaamini Mwero yuko hai. Anasema upepo umempeleka Vanga, au ng'ambo huko, na atarudi na hadithi. Anamwekea chakula. Amekataa matanga, na mtu akimpa pole anamfukuza. Mimi nakaa naye tunakula, nayajua ninayoyajua, na sijapata hata neno moja la kuanzia.

Ijumaa huwa nakwenda Galu. Siingii, ua ni wa watu, na kaburi wanalihesabu ni tupu. Nasimama upande wa barabara nasoma Yasini kimoyomoyo. Ijumaa iliyopita mama mmoja wa boma lile alitoka, mwanamke mpole, amenionea huruma kwa jua. Akaniuliza kama nina mtu hapa.

Nikamwambia sina.