Damu ya Kizimba cha Sita

Wilberth Uc hakuwa mtu wa kunyamaza. Tangu aajiriwe kulisha mbu katika maabara ile ya nje kidogo ya Mérida, kila asubuhi aliingia na porojo zake za mpira na za mama mkwe, mpaka mbu wenyewe nadhani walimchoka. Kwa hiyo Jumanne ile Dokta Addy Tzuc alipomkuta amesimama mbele ya kizimba cha sita, mikono mfukoni, hasemi kitu, alijua kuna jambo.

"Nani kafa?" akamtania.

"Njoo uone mwenyewe, Dokta. Mimi nikisema utaniambia nimelewa."

Addy akachungulia. Kizimba cha sita kilikuwa cha madume watupu, elfu mbili na ushei. Mbu dume haumi mtu, hana hata mdomo wa kutoboa ngozi. Anaishi kwa maji ya sukari, basi. Lakini hawa walikuwa wametulia kwenye wavu, kimya, matumbo yamevimba, mekundu.

"Umechanganya na majike."

"Haki ya Mungu sijachanganya."

Addy akatoa watano, akawaweka chini ya hadubini. Walikuwa madume kweli, na damu iliyokuwa matumboni mwao ilikuwa mbichi.

Mwingine angefunga mlango akaenda zake. Addy hakuweza. Mbu wale walikuwa jasho lake la miaka minne. Aliwabadilisha vinasaba ili wakipanda majike wa mitaani, mabinti watakaozaliwa wafe kabla ya kuota mabawa. Mwaka uliopita homa ya kidingapopo iliua watoto kumi na mmoja upande wa kusini wa mji, na mmoja wao alikuwa akikaa dawati moja na Yamili, binti wa pekee wa Addy, wa miaka sita. Addy aliapa mbele ya jeneza lile dogo kwamba wake hatamwacha aende njia hiyo. Sasa mvua zilikuwa zimebaki wiki mbili, na madume walitakiwa waachiwe kabla hazijanyesha.

"Kama ni mzaha wako, Wilberth, nitakufukuza leo leo."

Wilberth akakunja mikono ya shati mpaka mabegani. Alama zilikuwa zile za zamani tu za kulisha majike, mpya hata moja hakuna. Akafungua kinywa ajitetee, na papo hapo taa za chumba zikaanza kufifia. Taa zile zilipangwa na saa, zififie jioni ili mbu wapate magharibi yao. Ilikuwa saa nne asubuhi. Zikafifia pole pole mpaka nyuso zao zikawa za rangi ya majivu, na harufu ya mahindi yanayochemka ikajaa chumbani, ingawa jiko la karibu lilikuwa ng'ambo ya barabara.

"Dokta," Wilberth akanong'ona, "tutoke."

Wakatoka. Lakini Addy alitoka na wale mbu watano mkononi, maana msomi akishikwa na hofu hukimbilia vipimo. Wafanyakazi wote wa pale vinasaba vyao viko kwenye kumbukumbu, ili damu yao isije ikachanganyika na kazi. Akapima usiku na mchana. Kesho yake majibu yakaja. Damu haikuwa ya Wilberth, wala ya mlinzi, wala ya mfagiaji. Ilikuwa ya mtu wa kike, na nusu ya vinasaba vyake, mstari kwa mstari, ilikuwa ya Addy mwenyewe.

Hakumbuki aliendeshaje gari.

Alimkuta Yamili amelala kwenye kitanda chake cha bembea, yaya yuko uani anaanua nguo. Akamfunua macho. Ndani ya kope palikuwa peupe kama karatasi. Akamvua nguo, akamkagua mwili mzima, hata katikati ya vidole. Hakukuwa na alama ya mbu popote.

"Mwanangu, unaumwa wapi?"

"Nimechoka tu, Mama." Mtoto akashusha sauti. "Usiongee kwa nguvu. Yupo chini."

"Nani yupo chini?"

"Yule mfupi. Ana mwili wa mtoto, lakini uso wa babu. Ananiambia ana kiu."

Addy hakuinama. Nasema ukweli, hakuinama, mama mzima na shahada zake tatu, alibaki kanyoosha shingo kama mbuzi aliyesikia fisi, maana chini ya kitanda kile, pale penye kivuli kisichotikisika hata bembea ikitikisika, kitu kilikuwa kinaramba, pole pole, kinaramba na kumeza, kinaramba na kumeza, na kila kilipomeza, mkono wa Yamili uliokuwa mkononi mwake ulizidi kuwa wa baridi, na harufu ya mahindi ilikuwa nzito kiasi kwamba aliihisi kwenye ulimi. Akamnyakua mtoto, akakimbia naye mpaka barabarani, na huko ndiko alikompigia simu Wilberth.

"Dokta, samahani nikuulize," Wilberth akasema baada ya kusikiliza. "Siku ile ya kumwagia ardhi, kile kinywaji ulikipika mwenyewe?"

Chumba kipya cha mbu kilijengwa juu ya shamba la zamani la katani, na Wilberth ndiye aliyeng'ang'ania wenye ardhi, wale wasioonekana, waombwe ruhusa kwanza, kama walivyoombwa tangu mababu. Addy alikubali huku anacheka, akaleta ndoo ya uji, akamwaga kwenye pembe nne, akarudi kazini.

"Nilikuwa na haraka. Nilikoroga unga wa pakiti."

"Ule wa chapati za mahindi? Wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa?"

"Mahindi ni mahindi, Wilberth!"

"Ee Mungu wangu. Na wewe Mmaya mzima!"

Jioni hiyo Addy akamwacha Yamili na yaya, na Wilberth akamleta maabara bwana Pech, ambaye mchana ni fundi wa viyoyozi na muda uliobaki ni mganga. Alikuja na ovaroli yake ya kazi, mfuko wa bisibisi begani na vibuyu kumi na vitatu kwenye gunia. Akazunguka chumba akinusa, akasimama kizimba cha sita.

"Mahindi yasiyotiwa chokaa ni yao," akasema. "Yenye chokaa ni ya watu. Wewe, mama, hukuwapa sadaka. Umelikaribisha jini mezani. Sasa ni mtu wa nyumbani kwako, anakula mnacholishana. Na hapa mnalishana nini?"

Vizimba vya majike wa kutaga, wanaowekwa hai kwa dawa, vilikuwa pale ukutani, na Wilberth ndiye aliyekuwa akiwaingizia mkono wake kila siku wanywe.

"Mwanangu atapona?"

"Atapona. Ila kila kilichozaliwa chumba hiki kife humu humu. Usibakize hata kimoja."

"Bwana Pech, ni miaka minne hiyo!"

"Na nyumbani una wa miaka sita. Chagua."

Addy akalia, akachagua. Vibuyu vikapangwa, safari hii na kinywaji cha mahindi meupe yaliyochemshwa bila chokaa, na bwana Pech akaanza kuita kwa Kimaya, kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mlevi atoke dukani, wakati Wilberth na Addy wakibeba vizimba kimoja kimoja kuvitia kwenye friza, na kila mlango wa friza ulipofungwa mbu waliobaki waliimba sauti moja, nyembamba, iliyopanda na kupanda, mpaka meno yakauma, mpaka ikawa si sauti ya mbu tena bali ya mtoto anayelia kwa njaa, na Addy akajikuta anataka kuufungua mlango, mkono umeshafika kwenye komeo, Wilberth anamvuta kwa kiuno huku anamtukana Kimaya na Kihispania, na ghafla kimya. Harufu ikakatika. Taa zikawaka.

"Ndio vyote?" bwana Pech akauliza, anafuta jasho.

"Vyote," Addy akasema.

Ndani ya sidiria yake palikuwa na bahasha yenye karatasi moja iliyogandiwa na mayai ya mbu, makavu, madogo kama vumbi la pilipili manga. Mayai hayajanywa damu ya mtu, alijiambia. Mayai hayana kosa. Yanaweza kukaa makavu miezi, na ukiyatia maji yanaamka.

Yamili akapona. Rangi ikarudi, akawa anakula na kuomba aongezewe. Mvua zikaanza. Wiki ya tatu redio ikatangaza watoto wawili wamelazwa kwa kidingapopo, upande ule ule wa kusini, na Addy akaona hana sababu ya kungoja. Akaenda kabatini, akatoa bahasha chini ya mashuka.

Ilikuwa tupu.

"Yamili!"

"Niko jikoni, Mama."

Mtoto alikuwa amekaa mezani mchana kweupe, miguu inaning'inia. Mbele yake palikuwa na bakuli la supu lililojaa maji. Karatasi ya mayai ilikuwa imezama kwenye kitako cha bakuli, viluwiluwi vinapindapinda juu yake, na kwenye ukingo walikuwa wamekaa mbu wachanga, madume na hata majike wasiopaswa kuota mabawa, wamejipanga, matumbo matupu. Kiti cha tatu kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Aliniambia watoto wake wana kiu. Nikawapa maji, tangu wiki iliyopita, nikawaficha chini ya kitanda changu." Yamili akatazama kiti kile, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa.

Addy akalishika bakuli kwa mikono miwili alipeleke kwenye sinki.

"Usiwamwage, Mama," Yamili akasema, midomo yake imeanza kupauka. "Anasema ukiwamwaga wao, atakunywa kwangu mpaka niishe."

Addy akaitazama midomo ile. Kisha akalirudisha mezani taratibu, akavuta kiti, akakunja mkono wa blauzi yake mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha karibu na ukingo.